Somo la Kukimbia

Darasa letu lilikuwa moja tu, na lilikuwa chini ya barabara. Sisemi ng'ambo wala kando; nasema chini. Wabelgiji walilijenga kwa mawe meusi kwa ajili ya watoto wa vibarua wa shamba la kahawa, na zama hizo ulipanda ngazi kuufikia mlango. Kisha volkano ikatema lava, lava ikapita mtaani kwetu, ikala choo, ikala nyumba ya mlinzi, ikalizunguka darasa na kuganda. Watu wa Goma hawana muda wa kuombolezea mawe. Walisawazisha, wakajenga juu yake, mtaa ukainuka, darasa likabaki pale pale. Sasa ili uingie ulishuka. Madirishani tuliona miguu ya wapita njia, na wanafunzi wangu walimtambua kila jirani kwa viatu vyake. Mara nyingi hesabu ilikatizwa na mtu wa kunitangazia kwamba mama muuza mikate amenunua sandali mpya.

Humo nilifundisha madarasa yote ya msingi kwa wakati mmoja: wadogo mbele, wakubwa nyuma, na wale wasiojua wako darasa la ngapi kando ya ukuta. Wengi walikuwa wametoka Rutshuru na Masisi, vita vikiwasukuma kidogo kidogo hadi mjini. Shule kubwa ziliwadai vyeti, na vyeti vilibaki katika nyumba ambazo huenda hazikuwepo tena. Mimi sikudai kitu. Aliyejua kukaa kimya nilimhesabu kuwa mwanafunzi, na asiyejua nilimpokea vilevile, maana ningebaki peke yangu.

Mwaka ule waasi walikuwa Rutshuru, jeshi lilikuwa Kibumba, na baina yao palikuwa na mashamba ya kabichi ambayo hakuna aliyethubutu kuyavuna. Sisi mjini tuliishi kwa tetesi. Asubuhi mtu alisema wanakuja, jioni mwingine alisema bado, na katikati tulipika.

Ndipo Konseye alipokuja. Konseye alikuwa mkaguzi wa shule zetu za parokia, mtu mrefu, mwenye tai hata juani. Aliposhuka ngazi aligonga kichwa mlangoni kwa sababu hakuna aliyemwambia ainame. Mimi niliona. Sikumwambia.

Alisimama katikati ya darasa akijishika paji la uso, akatazama kuta, akatazama watoto, akanitazama mimi.

"Madamu," akasema, "hii si shule. Iko shimo yenye batoto."

"Iko shule, Papa. Banasoma."

"Kuko mufanyabiashara moja anatafuta depo ya bia. Huku chini kuko baridi muzuri." Aliligusa jiwe la ukuta kwa kiganja, kama mtu anayempima mtoto homa. "Ntarudi siku ya mwisho ya trimestre, mbele ya likizo. Unionyeshe kama kweli banajifunza kitu. Kama si vile, naleta bia."

Hasira ilinipanda hadi masikioni. Mimi ningepata la kufanya. Nina mdomo, naweza kuuza hata maji ya ziwa kwa mvuvi. Lakini wale watoto wangekwenda wapi? Hakuna mlango mwingine mjini uliokuwa wazi kwao. Bia ingekaa mahali pao, tena kwenye baridi nzuri.

Nikakaa nikawaza nimwonyeshe nini. Kifaransa chetu kilikuwa cha kuokoteza. Hesabu zao zilikuwa za sokoni, sahihi kabisa lakini zikifika kwenye daftari zinapotea. Kitabu cha historia kilikuwa kimoja, kimekatika mwanzo na mwisho, na katikati kulikuwa na wafalme wa Ubelgiji, wote wana ndevu. Nikakifunga. Nikajiambia: historia ya mji huu inapita hapo dirishani kila siku, imevaa kandambili, inakohoa. Naiita ishuke ngazi.

Wa kwanza kumwita alikuwa Muzee, jirani yetu, aliyesoma alfabeti ndani ya darasa hilohilo enzi za Wabelgiji. Nilimwomba aje awaonyeshe watoto shule ilivyokuwa. Nilitarajia hadithi fupi na kikohozi kirefu. Akaja na bakuli jeupe kichwani, ndiyo kofia ya mzungu, na fimbo mkononi, na sura ambayo sikuwahi kuiona kwake. Akakagua kucha. Akakagua masikio. Akawapanga kwa urefu, akawakunjisha mikono, akawaimbisha. Mimi nilikuwa nimetoka kidogo kujisaidia. Niliporudi alininyooshea fimbo.

"Weye! Umechelewa. Simama kwa kona!"

"Muzee, mimi njo mwalimu."

"Enzi ile hapakuwa mwalimu mwanamuke. Kona!"

Nikaenda kona. Ningefanya nini? Watoto walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi, na Muzee akamwadhibu kwa kuanguka bila ruhusa. Hakuna somo lililowahi kuwaingia namna ile. Tatizo lilikuwa kumsimamisha Muzee mwenyewe. Kesho yake alikuja tena na bakuli lake, na keshokutwa, na ikabidi niwe namwomba ruhusa ya kufundisha.

Wa pili alikuwa Mama wa makaa, mwanamke mpana mwenye sauti pana, ambaye watoto wake wawili walikaa kando ya ukuta. Yeye alifundisha juu ya enzi za Zaire. "Asubui na mapema, mbele ya kusoma, tulikuwa tunachezea bakubwa," akawaambia. "Hata kama ulilala njala, unacheza. Tena unachekelea." Akawaonyesha viuno vinavyokwenda na bega linaloitikia, na akawapigia makofi. Nikatazama juu. Dirisha zima lilikuwa miguu, na miguu yote ilikuwa inacheza.

Somo la tatu lilikuwa historia ya kukimbia, na hapo sikuwa na haja ya mgeni. Wataalamu walikuwa wamekaa mbele yangu na kamasi zao.

Niliuliza swali moja tu: unapokimbia, unaanza kubeba nini? Darasa likawaka moto. Wa Rutshuru walisema matela, yaani godoro, ndilo la kwanza. Wa Masisi wakasema sufuria. Msichana mdogo wa mstari wa mbele, ambaye tangu aje hakuwahi kunijibu hata jina lake, akasimama akatatua kesi: "Madamu, sufuria inaingia ndani ya matela. Ukiweka juu inalia, batu banasikia." Wote wakakubali. Mbuzi je? Mbuzi anatangulia, maana akibaki nyuma anasahaulika. Chumvi inafungwa kwenye nguo ya mama. Mtoto anayelia anapewa kitu cha kutafuna. Mimi mwenyewe nilipokimbia lava nilibeba pasi ya makaa na kuacha viatu, na nilipowaambia walinitazama kwa huruma, kama mwanafunzi ambaye hatafaulu. Nilicheka nao. Jioni nyumbani, nikichambua maharage, nikawalilia wale wadogo waliokuwa wanajua mambo hayo yote.

Basi tukapanga. Siku ya Konseye tutaonyesha historia hai, sehemu tatu: shule ya mzungu, ngoma ya Zaire, na kukimbia. Sehemu ya tatu haikuweza kuchezwa ndani, kwa hiyo watoto wangetoka na mizigo, wapande barabarani, wafike kwenye robine, bomba la maji la mtaa, wageuke, warudi. Mwendo mfupi. Wazazi waliazima matela na sufuria. Mbuzi tulimpata. Muzee alidai apakiwe juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, ajifanye babu asiyeweza kutembea. Babu asiyeweza kutembea alikuwa amekuja kwa miguu kunidai jambo hilo mara kadhaa.

Nilikuwa mkali kwenye jambo moja, nalo ndilo lililotuponza. Katika mazoezi walicheka sana. Nikawakaripia kila siku: "Mutu mwenye anakimbia hachekake! Hasemake! Anaangalia mbele tu!" Wakajifunza. Kwa kweli, sijawahi kufundisha kitu kikafahamika vizuri namna hiyo.

Siku ikafika. Konseye akashuka, safari hii akainama, akaketi kwenye benchi letu refu, wazazi wakasimama nyuma yake. Muzee akaanza. Alipofika kwenye kucha akampita kila mtoto, akasimama mbele ya Konseye na bakuli lake kichwani, akasema, "Mikono!" Na Konseye, mtu mzima na tai yake, akainyoosha mikono haraka kabla hajafikiri. Alipoirudisha mapajani masikio yake yalikuwa yameiva kwa aibu. Mama wa makaa alipoingiza ngoma niliona goti moja la Konseye linaitikia. Nikaanza kuwa na tumaini.

"Sasa, kukimbia," nikatangaza. Konseye na wazazi wakabaki ndani kutungojea. Watoto wakajitwisha, wakapanda ngazi, nami nyuma yao, na Muzee juu ya chukudu akisukumwa na vijana wawili wa darasa la sita.

Walikuwa wazuri. Walikuwa wazuri mno. Walitoka ardhini mmoja mmoja, kimya, matela vichwani, macho mbele, mbuzi akitangulia, na yule msichana mdogo akiwa na mtoto wa jirani mgongoni ambaye sikumpanga kwenye mchezo.

Mama muuza mikate alikuwa anakaanga kwenye kona. Aliinua macho, akawaona. Hakuuliza kitu. Ndivyo tulivyo watu wa Goma: maswali yanaulizwa mbele, ukishafika. Akaepua karai, akafunga mikate kwa kitambaa, akajitwisha, akaingia kwenye mstari nyuma ya mbuzi. Kinyozi akamwona mama muuza mikate. Akazima mashine yake katikati ya kichwa cha mteja, akaing'oa kwenye waya, akaondoka nayo. Mteja akamfuata kwa kasi, nywele upande mmoja. Akili ni nywele, wanasema, na ya huyu ilikuwa nusu. Mbele ya duka la dawa watu walikuwa tayari wanapitishiana watoto dirishani.

"Ni muchezo!" nikapiga kelele. "Ni masomo tu!"

"Ndiyo, Madamu," mwanamume mmoja akanijibu akinipita na runinga kifuani. "Masomo mutaendelesha Gisenyi."

Tulipofika kwenye robine niliwaambia watoto wageuke. Hawakuweza. Nyuma yetu mtaa mzima ulikuwa umejaa barabarani, na ukisimama katika umati wa namna hiyo unakanyagwa na kabati. Tukasukumwa kuelekea Birere, mpakani; ng'ambo yake ndiyo Gisenyi, nchi nyingine. Pikipiki zilipanda bei papo hapo. Kengele ya kanisa ikalia, sijui nani aliivuta. Nilishika bega la mwanamume aliyekuwa kando yangu nikamwambia hakuna kitu, mimi ndiye niliyeanzisha.

"Hakuna kitu?" akasema, akihema. "Mama, niliwaona na macho yangu. Bako wanapita Kibumba!"

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nilimtazama mtu huyo. Alikuwa mtu mzima, alikuwa na suti, alikuwa na jasho la kweli. Nikajiuliza: labda imetukia kweli, leo hii, saa hii hii, kwa bahati mbaya? Na mimi, niliyeitunga ile safari mwenyewe kwenye tablo, kwa chaki, na mishale ya kuonyesha njia, nikapandisha kitenge changu nikaanza kukimbia. Mguu niponye. Muzee naye aliruka kutoka kwenye chukudu akanipita.

Bariyeri ya mpakani ndiyo iliyotusimamisha. Walinzi wa kule upande wa pili walikuwa wamesimama wakitushangaa, maana hapakuwa na mlio wa risasi hata mmoja. Umati ukaketi juu ya matela yake na sasa, kama ilivyo desturi, maswali yakaanza. Nani amewaona waasi? Mwenye suti akasema aliambiwa na mwenye runinga. Mwenye runinga akamwonyesha kinyozi. Kinyozi akamwonyesha mama muuza mikate. Mama muuza mikate akainua mkono wake wenye unga akawaonyesha wanafunzi wangu.

Barabara nzima ikageuka kuwatazama. Walikuwa wamesimama kwa mstari, sufuria ndani ya matela, midomo imefungwa, macho mbele, kama nilivyowafundisha. Yule msichana mdogo wa mstari wa mbele akanivuta kitenge.

"Madamu," akasema kwa sauti iliyofika mbali, "sasa tunaweza kucheka?"

Nisidanganye, palikuwa na hatari hapo. Mteja wa kinyozi alinijia na ngumi. Mama muuza mikate alinitukana kwa Kinande, na kwa kuwa ni lugha ya mama yangu, nililielewa kila neno, hata yale ya zamani. Lakini mtu mmoja nyuma akacheka, kisha mwingine, kisha kikapita kicheko kikubwa cha watu waliojiona wamekufa na kumbe bado. Muzee, bakuli likiwa bado kichwani, akamwambia mteja wa kinyozi aonyeshe kucha zake, na huo ukawa mwisho wa ngumi.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemkumbuka Konseye. Nimemwacha ndani ya shimo, akiamini vita vimeingia mjini kwa sababu ya somo langu. Bia imekwisha kushinda, nikajiambia. Kwa hakika mfanyabiashara wake alikuwa anapakia makreti. Nilitazama watoto wakicheka na matela vichwani, na moyo uliniuma vibaya, kwa sababu wao walidhani wamefaulu.

Ndipo nikamwona. Alikuwa anateremka barabara ya Birere, tai begani, shati limemganda, na begani kwake upande wa pili kulikuwa na mwisho mmoja wa benchi letu refu. Mwisho wa mbele alikuwa nao Mama wa makaa, anamwongoza kwa amri: "Papa, kushoto! Papa, inua! Papa, unalala?" Nyuma yao walikuja wazazi wengine. Wawili walibeba tablo. Mmoja alijitwisha benchi la wadogo. Mwingine alikuwa na kiti changu, mwingine na ndoo ya maji ya kunywa ya darasa, ikiwa na maji. Mama mmoja wa Masisi, mwembamba kama ufagio, alibeba mlango.

Baadaye Konseye alinisimulia. Waliposikia kelele juu alitaka kutoka mbio, lakini Mama wa makaa aliziba ngazi yote, akampa mwisho wa benchi, akamwambia: "Kamata huku!" Akakamata. Kwenye kona ya duka la dawa benchi lilikwama, na walibishana hapo muda mrefu huku watu wakiwaruka, lakini mama yule alikataa kuliacha.

Pale mpakani Konseye aliliweka benchi chini, akapumua kwanza, kisha akamwuliza Mama wa makaa.

"Mama, kwako ulibeba nini?"

"Kwangu? Sikupita kwangu."

"Matela yako?"

"Iko kule."

"Sasa unakimbia vita na benchi sababu ya nini?"

Mama wa makaa alimtazama kama vile Muzee alivyotazama kucha chafu. "Papa," akasema, "matela ntapata ingine. Shule yenye inakamata batoto bangu bila karatasi, mujini muzima, iko moja tu. Ningeiacha namna gani?"

Konseye aliketi juu ya benchi, katikati ya barabara ya Birere, akajifuta uso kwa tai. Halafu akasema turudi, kwa sababu kulikuwa kunataka kunyesha, na akainama kuushika mwisho wake.

Kila kitu kilirudi. Mabenchi, tablo, kiti, ndoo, hata mlango, ambao tuliurudisha upande wa nje ukiangalia ndani na haujakubali kufunga tangu hapo. Konseye alihesabu kwa macho, akatikisa kichwa.

"Papa, hata ingekuwa depo, batu bangebeba bia," nikamwambia. Ulimi wangu haujui kupumzika.

"Bangebeba, Madamu," akasema. "Lakini hawangeirudisha."

Hivyo ndivyo shule ilivyobaki. Juma lililofuata Konseye alitutumia fundi wa mbao mwenye misumari mirefu, na akaja mwenyewe kusimamia. Aliona yale mabenchi yamekuwa yakitangatanga vya kutosha. Alimwambia fundi ayapigilie yote sakafuni, yawe imara, shule iwe shule. Nilifurahi. Wazazi walikuwa wamekuja kusafisha, na Mama wa makaa aliposikia nyundo ya kwanza alidondosha ufagio.

"Papa, hapana. Usizifunge."

"Mama, ni ili zisipotee."

"Najua. Lakini siku ya kweli tutazitoa namna gani?"

Darasani hakuna aliyecheka. Huko dirishani miguu ilikuwa inapita kama kawaida. Konseye alisimama akiwa ameshika msumari, akawatazama watoto, ambao walikuwa wanamngojea kwa utulivu aelewe jambo hilo dogo. Mwishowe akaurudisha msumari mfukoni mwa fundi. Akamwambia aache yote yalivyo, ila lile benchi refu alikate katikati, liwe mawili, apige miguu mipya, kwa sababu lile halipiti kwenye kona ya duka la dawa.